Ukijibiwa, Nyamaza

Kurumbiza alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alikuwa katikati ya wimbo wake, juu ya tawi lililoinamia chemchemi ya maji moto, akaukata ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Wakafuata kwale vichakani. Wakafuata nyenze. Palibaki mlio wa maji yanayotokota kati ya mawe, na pumzi za wageni waliosimama nyuma ya mwongozaji wao wakingoja awaeleze.

"Mwewe huyo," aliwaambia. "Akipita mwewe, kila mwenye mabawa humeza ulimi."

Aliinua macho awaonyeshe. Mbingu ilikuwa tupu.

Wenzake walimwita Mluzi. Hakukuwa na ndege katika hifadhi ile ambaye hakuweza kumwiga kwa midomo yake, na waongozaji wengine walimtania kwamba iko siku mkewe atafungua mlango amkute ameatamia mayai. Alipopata simu yenye kurekodi vizuri, na spika ndogo ya kuning'iniza kiunoni, kazi ikawa nyepesi zaidi. Unamrekodi ndege, unamchezea sauti yake mwenyewe. Yeye hudhani mwenzake ameingia, anakuja kutazama, na wageni wanapata picha.

Kazi hiyo ina sheria, na mwongozaji hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa njia ya maporomoko. Usimwite usiyemwona. Na ukijibiwa, nyamaza. Kwa maana ndege anayeendelea kuitwa huacha kiota chake. Huacha makinda wazi, huzunguka kutwa akimtafuta asiyekuwepo, hali, hanywi, mpaka anadondoka.

"Ndege hajui simu ni kitu gani," Buti alizoea kuwaambia waliokuwa wakijifunza kazi. Huyu alikuwa mwongozaji mwenzake Mluzi, na aliitwa Buti kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila viatu vyake vya mpira, masika wala kiangazi. "Yeye anajua ameitwa, basi."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya mvuke wa chemchemi. Ilipanda, ikapanda tena, kisha ikashuka polepole, kama mtu anayeuliza swali, akaliuliza tena, halafu akakata tamaa. Haikuwa ya kurumbiza wala ya kwale, wala ya ndege yeyote ambaye Mluzi aliwahi kumsikia.

"Ni ndege gani huyo?" alinong'ona bibi mmoja mstaafu mwenye darubini shingoni. Macho yalimng'aa kama ya mtoto.

Mwongozaji mwingine angesema, sijui. Lakini siku zile mkuu wa hifadhi alikuwa akimtafuta kiongozi wa waongozaji wote, na kiongozi hupewa nyumba ya langoni, yenye bati zima na madirisha makubwa, mbali na vibanda vya wafanyakazi vilivyoegemea msitu. Mluzi alikuwa amekwisha mwahidi mkewe nyumba ile. Alikuwa amekwisha mwahidi binti yake dirisha.

"Huyo," alisema, "ni ndege ambaye bado hana jina."

Akatoa simu, akarekodi.

"Kaka," Buti alimvuta mkono pembeni. "Umemwona?"

"Nitamwona akija."

"Ndiyo sababu ya sheria, bwana. Humjui, unamwita. Unamwita nani?"

"Mwanamume mzima unaogopa ndege, na mabuti yote hayo?"

Wageni wakacheka. Mluzi akabonyeza. Sauti ikatoka kiunoni mwake, ikavuka maji, ikapotea ndani ya mvuke. Kimya. Halafu ikajibiwa, karibu zaidi, na safari hii haikushuka mwishoni. Ilibaki juu, ikitetemeka. Ilikuwa na furaha.

Hapo alitakiwa kunyamaza. Akabonyeza tena.

Mvuke uliokuwa ukipanda wima tangu asubuhi ukainama upande wao, kinyume cha upepo, na harufu ya yai viza ikawapiga puani.

Mke wa Mluzi alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa sabuni. Binti yao alikuwa ameanza shule mwaka ule, akiwa na pengo la meno ya mbele. Jina lake la shule lilibaki shuleni. Nyumbani na hifadhini kote aliitwa Chiriku, kwa kuwa akiamka alianza kusema, na akinyamaza ulijua amelala.

"Baba, kwa nini viatu huisha mbele kwanza? Baba, mwalimu anasema popo si ndege, sasa mabawa kayapata wapi? Baba, umeniletea nini?"

"Nimekuletea ndege mpya," Mluzi alisema, akamchezea.

Chiriku akanyamaza. Mama yake aliyekuwa akikoroga chungu aligeuka na mwiko mkononi, maana ukimya ule ulikuwa mgeni katika nyumba yao.

"Si ndege huyo," mtoto alisema.

"Ni nani basi, profesa wangu?"

"Ni mama. Anamwita mtoto wake."

Mwiko ukawekwa chini. "Baba Chiriku, futa hicho kitu."

"Nifute vipi? Wageni wamekiomba, nimewatumia. Mkuu amekisikia, kasema atakitangaza. Unajua maana yake? Nyumba ya langoni hiyo, mke wangu!"

"Nyumba ya langoni sikuiomba mimi."

"Unaiomba kila mvua ikivuja."

Mwanamke aliurudia mwiko wake, kwa kuwa ilikuwa kweli. Baadaye neno hilo lilikuja kumchoma kuliko uongo wowote aliowahi kuambiwa.

Wageni wakaja. Zamani walikuja kutazama maporomoko, kuvuka daraja la kamba huku wakipiga mayowe na kucheka, kupanda kilima cha kutazamia na kuondoka kabla jua halijachwea. Sasa kila mmoja aliitaka chemchemi. Walikaa juu ya mawe yenye joto, simu mikononi, na Mluzi akawa kama imamu wa msikiti mpya: akiinua kidole, wote wanatulia, akibonyeza, wote wanainama kusikiliza. Kile kilichokuwa mvukeni kilijibu kila siku. Hakikuonekana kamwe. Nao walirekodi mwito wa simu na jibu lake, wakatumiana, wakawatumia waliobaki makwao, na waliobaki makwao wakawatumia wengine.

"Kaka, nisikilize," Buti alimwambia jioni moja wakinawa miguu bombani. "Mwanzo kilijibu chemchemini. Kikaja kujibu kwenye maporomoko. Leo umekiita tukiwa darajani, kimejibu nyuma yetu. Nyuma, kaka. Upande wa nyumba."

"Ndege huhama."

"Ndege akifika asimkute mwenzake, huondoka zake. Huyu kwa nini haondoki?"

Mluzi alijisugua kisigino kwa jiwe muda mrefu, kama mtu aliyepotelewa na kisigino.

Nyumbani, mashuka yalikuwa yameanza visa. Mkewe aliyaanika jua la utosi, akayaanua jioni yakidondosha maji ya uvuguvugu, yakinuka yai viza. Aliyafua upya, akayasuuza kwa majani ya ndimu, akayaanika tena. Siku moja aliona shuka moja kambani limetuna katikati, limejichora paji la uso, pua, na mdomo ulio wazi, kama mtu anayebandika uso kwenye pazia kutazama nani yumo ndani. Hapakuwa na upepo. Alilivuta shuka lile kwa nguvu zake zote. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa nyumba yao, na dirisha dogo la chumba cha Chiriku.

Usiku ule Mluzi alizima simu bila kuambiwa. Alikuwa ameanza kuogopa, na alimficha mkewe hofu ile kama mtu anavyoficha upele.

Likatokea jambo siku ya pili yake, mvua ilipokatika na giza ndiyo kwanza linaingia. Walikuwa wote watatu kitandani kwa baridi, Chiriku amesinzia katikati. Kioo cha dirisha kikaanza kutoka jasho.

"Umechemsha maji?" Mluzi alinong'ona.

"Jiko halijawashwa tangu mchana."

Sauti ikaja mlangoni. Haikuja kwa nguvu. Ilipanda, ikapanda tena, ikabaki juu, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mtoto wake na hataki kumtisha.

"Usijibu," mkewe alisema, kucha zimemzama mkononi.

"Sijibu."

"Hata kikohozi. Usikohoe."

Na pengine kingengoja, kingechoka, kingerudi kilikotoka, kama si mgeni mmoja kwenye baraza ya nyumba ya wageni, ng'ambo ya uwanja, aliyetaka kuwachekesha wenzake waliokuwa wakinywa chai, akatoa simu yake akaichezea sauti ile gizani, na mwenzake naye akacheza ya kwake, na wa tatu kutoka dirisha la juu, hata ikawa inaita hapa na kuitika pale, na kile kilichokuwa mlangoni kikageuka, wakasikia matope yakifinyangwa chini ya miguu isiyo na mwendo wa kawaida wa miguu, kikakimbilia barazani, kikarudi, kikazunguka nyumba kikiparuza kuta kwa kitu ambacho hakikuwa kucha wala mkono, kikapanda juu ya bati, kikashuka, kikilia sasa, kikilia waziwazi, kikiita na kuitwa na kutofika popote, mpaka Chiriku akafumbua macho katikati ya wazazi wake, akatazama dari kwa huruma kubwa isiyo ya umri wake, akafungua kinywa chake chenye pengo, na kabla mama yake hajamziba, akajibu.

Mvuke ukapita chini ya mlango. Ukapanda kitandani taratibu kama maji yanavyojaa beseni, ukaingia katika kinywa kile, ukatoka.

Mluzi aliwasha taa. Binti yake alikuwa akimtazama. Midomo ilikuwa ikicheza kwa kasi ile ile ya siku zote, lakini hakikutoka kitu.

Na nje, uwanjani, kikiwa kinaelekea msituni, kilisema kwa sauti ya Chiriku, na kithembe chake cha pengo: "Baba, nifungulie. Baba, kwa nini hufungui?"

Daktari alimulika koo la mtoto, akasema ni zima. Akamulika tena, akasema ni zima kabisa, kwa hasira kidogo, kama aliyedanganywa. Ndipo mkewe Mluzi akamwita mganga bila kumwomba mumewe ruhusa.

Mganga alikuja na pikipiki, kofia ngumu kichwani, ananukia petroli na ubani. Alisikiliza habari yote akiwa bado amevaa ile kofia.

"Wengine huniambia wamerogwa na jirani," alisema alipoivua. "Afadhali wewe umejiroga mwenyewe. Niletee hiyo simu. Na mtoto aje."

Wakaenda chemchemini jua likiwa utosini, na Buti akaziba njia ili wageni wasipite. Mganga alifukiza ubani, akasoma aliyoyasoma, akaita. Ndege wakanyamaza mmoja mmoja.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni mama," ilijibu sauti ya Chiriku kutoka ndani ya mvuke. Chiriku mwenyewe alikuwa ameshika upindo wa kanga ya mama yake, midomo imefumbwa. "Nilimpoteza mwanangu katika maji haya kabla hamjafunga daraja lenu la kamba. Nikawa namwita. Sikujibiwa, na nilikwisha zoea. Kisha siku moja akanijibu. Kwa sauti yangu mwenyewe, kama watoto wanavyowajibu mama zao. Nikamfuata. Nikafika mpaka mlangoni kwake."

"Hakuwa mwanao," mganga alisema.

"Alinijibu."

"Ni chombo. Kinashika sauti, kinairudisha. Ndani yake hamna mtu."

Maji yakaacha kutokota. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yao kusikia bonde lile likiwa kimya kabisa.

"Hamna mtu," sauti ilisema.

"Hamna."

"Na huyu alijua hamna mtu, na akaniita. Nikamjibu, na akaniita tena."

Mluzi alipiga magoti juu ya mawe ya moto. "Nisamehe, mama. Sikujua una mtoto. Nirudishie sauti ya mwanangu."

"Wewe nirudishie yangu kwanza. Nikimwita mwanangu sasa, ninajisikia nikiita kwingine na kwingine, sijui ni ipi mimi. Akiniita kweli nitamjuaje?"

Mluzi alifuta. Alifuta kila iliyokuwamo simuni, akaivunja spika kwa jiwe, akatupa vipande majini. Akangoja. Mtoto akafungua kinywa. Hakuna.

Mganga alimgeukia. "Uliwapa watu?"

"Wageni."

"Na wao waliwapa watu?"

Mluzi aliitazama simu mkononi. Palikuwa na ndege za abiria katika jibu la swali lile, na bahari, na watu waliolala makwao simu zikiwa chini ya mito yao.

"Itakaporudi yangu yote," sauti ilisema, ikianza kupungua, "yake itarudi. Sauti kwa sauti. Mimi si mwizi."

Mganga alizindika nyumba. Alifukiza kila kona, akazika alichokizika kizingitini, akavaa kofia yake. "Ndani haingii tena," alimwambia mwanamke. "Hilo nimeliweza. Hilo jingine, dada yangu, si la ubani."

Na kweli haikuingia. Mashuka yakakauka, harufu ikaisha. Lakini alasiri, mvuke unapotanda, chemchemini husikika mtoto akizungumza peke yake: kwa nini viatu huisha mbele, popo mabawa kayapata wapi. Wageni walipoisikia walisisimka, wakarekodi. Mkuu wa hifadhi akasimamisha kibao cha mbao, akaiita Chemchemi ya Mtoto, akatengeneza njia mpya yenye ngazi. Mluzi alipoikataa kazi ya kuongoza, mkuu alimpa ya kulinda lango, na kwa kumshukuru kwa wageni aliowaleta akampa na nyumba. Ile ile, yenye madirisha makubwa. Buti ndiye anayewapeleka wageni sasa. Naye ana watoto wanaokula. Akipita langoni hutazama mabuti yake.

Kila anayetoka, Mluzi humwomba: "Tafadhali, kama umerekodi, futa. Na ile ya zamani kama unayo, futa." Husema sawa, mzee wetu, husema kwa heshima kabisa, na simu huirudisha mfukoni.

Mkewe hazungumzi naye. Akipakua chakula humgeukia mtoto. "Mwambie baba yako chakula tayari," humwambia. Chiriku humtazama baba yake. Baba yake huja.

Alasiri moja alitoka yule bibi mstaafu mwenye darubini. Alikuwa amerudi, akiwa amekonda kidogo, na alimkumbatia Mluzi kama ndugu.

"Leo nimebahatika!" alisema. "Wewe ndiye uliyenifungulia mahali hapa, lazima usikie." Na kabla Mluzi hajanyoosha mkono, alikuwa amekwisha bonyeza.

"Baba, umeniletea nini?" simu ikasema.

Dirishani, Chiriku akainua kichwa. Akashuka, akatoka mlangoni, akaja uwanjani. Hakuja kama mtoto anavyokuja. Alipiga hatua, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. Akapiga hatua nyingine, akasimama. Mluzi aliujua mwendo ule. Alikuwa amewaonyesha wageni mara nyingi, kwa kunong'ona, kidole kikiwa mdomoni: tulieni, tazameni, anadhani ni mwenzake. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo, shuka limemwanguka miguuni.

Chiriku alifika mbele ya simu. Akaigusa kioo. Akatazama nyuma yake, akatazama chini yake, akimtafuta aliyesema. Kisha akageukia msitu, akakaza shingo, na kutoka chini bondeni, kwa mbali, sauti yake mwenyewe ikaitika.

"Jamani, ameipenda!" bibi alisema, machozi ya furaha yakimlengalenga. Alikuwa mtu mwema. Kila mmoja angemwona hivyo. "Nimrudishie mara nyingine, eti?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Na kwenye mti wa langoni, kurumbiza akaukata wimbo wake katikati.